Siku Saba za Makaa

Siwatu aliligeuza bakuli kwenye mwanga wa dirisha, akalisogeza karibu na macho, akapitisha kidole ndani yake polepole. Kidole kilitoka hakina kitu.

"Kohoa tena, baba."

"Nimekohoa mpaka mbavu zimeniuma." Mzee Hemedi alijifuta midomo kwa leso, akacheka. "Hakuna kitu humo, mwanangu. Kifua chepesi. Tangu mvua zianze sijavuta pumzi namna hii. Ukitaka nipande juu ya paa nikuzibulie mfereji, niambie nipande sasa hivi."

Siwatu naye alicheka, maana baba wa miaka sabini na minne akitaka kupanda paa utafanya nini kama si kumchekea. Lakini hilo lilikuwa bakuli la kumi na tatu asubuhi hiyo, bakuli jeusi kama yote, na yote kumi na tatu yalikuwa safi kama yametoka kuoshwa.

Hayakutakiwa kuwa safi. Siku ya kumi na saba bakuli linatakiwa liwe na vumbi jeupe chini, tena vumbi la kuonekana, la kukombwa kwa kijiko.

Ngoja nieleze, maana asiyejua kazi hii hataona kinachotisha. Kule Kwemtindi, milimani Usambara, mvua ilianza mwaka mmoja ikasahau kuacha. Kuvu iliota kwenye dari, ikaota kwenye magodoro, ikaota kwenye Misahafu ndani ya makabati, na mwisho ikaota ndani ya vifua vya watu. Mtu alianza kwa kikohozi kidogo cha asubuhi, na kabla mwaka haujaisha anazikwa. Dawa za hospitali ziliiua kuvu pamoja na mwenye kifua. Ndipo wakaletwa vifyatuo.

Kifyatuo ni mdudu mweupe wa kawaida kabisa. Hukaa penye joto na unyevu, chini ya majani yaliyooza, anakula kuvu na uchafu, na mmea mzima hagusi. Chini ya tumbo ana mkia aliokunja. Ukimshtua anaufyatua, anaruka. Zamani watu wa mjini, wale wenye nafasi, waliwafuga ndani ya masanduku ya vioo yenye mimea na vyura wa rangi, wawe wafagizi wao wa ndani. Basi wataalamu wakajiuliza: kama mdudu huyu anafagia sanduku la kioo lenye joto na unyevu, kifua cha mtu kina tofauti gani? Wakazalisha aina ndogo kuliko chembe ya unga, wakaipandisha milimani, wakaikabidhi kwa wanawake wenye mikono mitulivu. Wa kwanza kukabidhiwa alikuwa Bi Zahabu, mama yake Siwatu.

Ufugaji wenyewe si wa ajabu. Unajaza ndoo pana vipande vya makaa, unaweka maji kidogo chini, unatia mbegu ya wadudu, unafunika. Kila siku ya tatu unafungua, unapepea kwa pepeo ili hewa nzito iliyotuama humo itoke, unanyunyiza wali ulioota kuvu, unafunika tena. Siku ya kupanda unamimina maji, wadudu wanaelea, unawateka kwa kijiko na kuwapuliza kwenye mrija, mgonjwa anavuta. Amepandwa. Siku kumi na tano kuvu imekwisha kifuani, wadudu hawana chakula, wanakufa, mtu anawakohoa. Ndilo lile vumbi jeupe. Kazi imekwisha, anakwenda zake shamba.

Ndiyo kusema bakuli safi maana yake wadudu wamo ndani na hawajafa.

"Geuka, baba," Siwatu alisema. "Inua shati."

"Umekuwa daktari siku hizi?"

"Inua tu."

Aliweka sikio mgongoni mwa baba yake, chini ya bega la kushoto, akabana pumzi yake mwenyewe ili asikie. Alisikia moyo. Alisikia hewa ikiingia na kutoka, safi, bila ule mkwaruzo wa miezi mingi. Na chini ya hewa, mbali kidogo, alisikia kitu kingine, kama punje za chumvi zinaangukia karatasi.

Walikuwa wanaruka. Vifyatuo walioshiba hawaruki, hutembea. Ukifungua ndoo ya wenye njaa ndipo utaona wanavyojirusha huku na huko wakitafuta.

"Vipi?" baba yake akauliza.

"Mzima kabisa," Siwatu alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyotegemea.

*

Alikwenda kwenye kibanda cha makaa nyuma ya nyumba, akajifungia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tuseme ukweli, Siwatu si mtu wa woga. Alimzika mume akiwa na miaka ishirini na sita na hakuanguka. Lakini kibandani humo meno yaligongana.

Alishajua sababu. Hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Wafugaji wa Kwemtindi wana desturi yao. Mfugaji akifiwa, kibanda cha makaa kinafungwa kwa kamba mpaka matanga yaanuliwe. Siku tatu hakifunguliwi, hakipepewi, wali hautupwi, hata chupa za wali ulioota kuvu zimo humohumo na hazitolewi. Siku tatu hazimdhuru kifyatuo. Anakonda kidogo, basi.

Mama alipokufa, baba aliomba saba.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kofia mkononi, machozi yanaingia kwenye ndevu. "Miaka yote hii," alisema, "amekuwa akiamka kuwalisha wao kabla hajanipa mimi chai. Siku tatu ni za mtu yeyote. Mama yako mpe saba." Wazee walitazamana, hakuna aliyekuwa na roho ya kumkatalia. Na Siwatu, ambaye ndiye angeweza kusema hapana, alisema sawa, kwa sababu naye alitaka kila kitu kisimame. Aliona haki kabisa kwamba wadudu wa mama nao wamlilie.

Siku ya nane alikata kamba. Ndoo nane, na saba zilikuwa zimekufa zote, makaa matupu, harufu ya kinyesi cha panya. Kwenye ndoo ya nane, chini kabisa, kulikuwa na mfinyo mmoja wa wadudu walio hai. Walikuwa wanatembea juu ya maganda ya wenzao, na maganda yalikuwa matupu, yamekombwa kwa ndani. Siwatu aliona yote hayo. Aliyaona kwa macho yake, na bado alipiga magoti akalia kwa furaha, akasema hawa mama katuachia.

Mtu wa kwingine angewamwaga, akaomba mbegu kwa jirani. Lakini yeye aliwalisha. Wakazaana kwa kasi ambayo hajapata kuiona, ndoo nane zikajaa kwa siku kumi na moja, na siku ya kumi na tisa tangu msiba akapanda watu sitini na wawili, baba yake wa kwanza.

Alifunua ndoo iliyo karibu. Ilikuwa siku ya kulisha na hajawalisha bado. Uso wote wa makaa ulikuwa unachemka, weupe unarukaruka mpaka unagonga ukingo. Wachache walimrukia kifundo cha mkono, wakabaki palepale. Alijifuta kwa kanga haraka, akajifuta tena, akaenda kunawa, akarudi kunawa mara ya pili.

Arobaini ya mama ilikuwa imebaki siku nne.

*

Kuku wake alikuwa ameangua juzi yake. Siwatu alichukua vifaranga watatu, wa siku mbili, vifua safi ambavyo kuvu haijavifikia. Wa kwanza alimpulizia mbegu ya Bi Chiku, mfugaji wa bondeni ambaye hajafiwa miaka mingi na makaa yake hayajapata kukosa kulishwa. Wa pili na wa tatu aliwapulizia mbegu yake. Wa tatu akamwekea ndani ya boksi kitambaa chenye vumbi la wali ulioota kuvu, avute kidogo kidogo.

"Unafanya nini na watoto wa kuku?" baba yake aliuliza kutoka barazani. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, anapiga mluzi. Mluzi! Miezi mitatu iliyopita hakuweza kupuliza hata mshumaa.

"Nawapa dawa."

"Mama yako alikuwa hivyohivyo. Hata paka alimpa dawa."

Siku ya tatu, baada ya chai ya asubuhi, aliinua vifuniko vya maboksi. Kifaranga wa Bi Chiku alikuwa anachakura mchele. Kifaranga wa tatu, mwenye kitambaa, alikuwa mzima, mnene, anamdonoa kidole. Wa pili alikuwa amelala ubavu. Mdomo ulikuwa wazi, na kwenye ncha ya mdomo kulikuwa na tone la damu lenye povu, na kwenye povu vidoa vyeupe vilivyokuwa vinaondoka, vinaruka kimoja kimoja kuelekea kwenye joto la mkono wake.

Alimwaga maji ya moto juu ya boksi zima. Kisha akakaa chini, palepale kwenye tope, akahesabu kwa vidole. Kuvu imekwisha siku ya kumi na tano. Uchafu na makohozi makavu yatawashikilia siku chache. Leo ni ya ishirini. Barazani, Mzee Hemedi alikuwa anapiga mluzi.

*

Daktari Shemweta alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Zahanati yake ilikuwa ndani ya kiwanda cha chai kilichokufa, na nyuma ya meza yake ulionekana mlango wa kaushio, ule ukumbi mrefu walimokuwa wakikaushia majani. Alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, anayekunja mikono ya shati sawasawa. Yeye naye alikuwa mmoja wa wale sitini na wawili.

"Hao wa kitambaa," alisema mwishowe. "Wazima kabisa?"

"Mzima. Wakila kuvu hawana haja na kingine."

"Basi tunawalisha."

"Tunalisha nani?"

"Watu." Alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Vumbi la wali ndani ya maji ya vuguvugu, wavute mvuke mara moja kwa wiki. Tuseme ni dawa ya kumalizia. Kesho ni arobaini ya Bi Zahabu, wote watakuja kwenye hitma. Tutaanza hapo, hakuna atakayeuliza."

Siwatu alitazama ule mlango nyuma yake. "Kuna kaushio."

"Najua kuna kaushio. Mimi ndiye niliyeingiza watu humo mwaka juzi, mbegu ya yule bwana wa Kwekibago ilipoharibika." Aliinuka, akaufunga mlango uliokwisha kufungwa. "Siku tatu kwenye joto kavu. Wadudu wanakufa wote, hilo ni kweli, kifyatuo hawezi ukavu. Lakini kifua nacho kinakauka, Siwatu. Waliingia thelathini. Watatu niliwatoa kwa machela, na wote walikuwa wamepita sabini. Baba yako ana miaka mingapi?"

"Sabini na minne," Siwatu alisema.

"Na ukiwaambia, unafikiri watakaa kupanga foleni? Watakimbia. Mwingine atateremka mjini, atakaa huko na njaa kifuani, siku ya kufa atawakohoa ndani ya basi zima. Tukiwalisha wanabaki hapa, wazima, hawajui. Wewe hukutaka hili. Kwa nini uwaue kwa ukweli?"

Alikuwa anaongea vizuri. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umekwenda kifuani wenyewe, umebana shati, na Siwatu aliutazama mkono ule kuliko alivyosikiliza maneno.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Nini mpaka lini?"

"Kuwalisha."

Daktari alikunjua mkono wa shati, akaukunja upya. "Tutatafuta njia," alisema.

Siwatu alirudi nyumbani amekubali. Sitamtetea na sitamsema. Alikuwa amemzika mama siku thelathini na tisa zilizopita, na alikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki duniani wa kumwita mwanangu.

*

Hitma ilikwisha saa sita. Mvua ilikuwa nyepesi. Watu walikaa chini ya turubai, pilau imeshaliwa, na kila uliyemtazama alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu, waziwazi, kama mtu anayeonesha nguo mpya. Mama mmoja alikuwa anamwimbia mtoto wake wimbo mrefu bila kukata. Siwatu alipita kati yao na sufuria, na masikio yake yalisikia pumzi tu. Kila mtu aliyemkumbatia alimtega sikio kifuani. Kwa wawili alisikia chumvi juu ya karatasi. Kwa mmoja alisikia kikohozi kidogo, kikavu, kipya.

Sufuria tatu zilipangwa juu ya meza, zimefunikwa kwa kanga, mvuke wa vuguvugu unatoka pembeni. Daktari Shemweta alisimama akatangaza kwa sauti nzuri kwamba marehemu aliacha dawa ya kumalizia, kila aliyepandwa avute mara tatu, na kila Ijumaa warudi.

"Aanze mzee mwenye msiba," watu walisema, maana ndiyo heshima.

Mzee Hemedi alisogea na kofia yake ya arobaini, mpya. Siwatu aliinua kanga. Baba aliinamisha kichwa juu ya sufuria, akavuta hewa nusu, akasimama hapohapo.

Hakunyanyua kichwa. Alivuta tena, kwa pua tu, kidogo, anavyovuta mtu anayetafuta harufu ya gesi.

Siwatu alielewa kosa lake papo hapo. Mtu huyu alilala miaka na miaka kando ya mwanamke aliyekuwa akitoka kibandani na harufu hiyo kwenye kanga, kwenye nywele, kwenye vidole. Unaweza kumdanganya mji mzima kwa wali ulioota kuvu, lakini mume wa Bi Zahabu humdanganyi.

"Siwatu," alisema, bado ameinama, sauti ya kusikika na yeye peke yake. "Hiki ni chakula cha makaa."

Siwatu alishika ukingo wa meza.

"Wamo bado?"

"Wamo, baba."

"Wana njaa?"

"Ndiyo."

Mvuke ulikuwa unampita usoni na ndevu zilikuwa zimeloa. "Ni zile siku saba," alisema, na hakuwa anauliza.

"Nilikubali mimi. Mimi ndiye mfugaji."

"Nilizitaka mimi." Sasa alinyanyua kichwa. Macho yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Siwatu alimwona baba yake ameogopa. "Kila Ijumaa. Na wewe ukiumwa?"

"Daktari atawapa."

"Na siku utakayokufa wewe, mwanangu? Watafunga kibanda kwa kamba siku tatu, wakuheshimu. Nani atawalisha watu hawa kwenye matanga yako?"

Hilo hakuwa amelifikiri. Alikuwa amefikiria kila kitu, vipimo vya wali, joto la maji, uongo wa kumwambia kila mtu, na hilo hakulifikiri. Aliona turubai lote, sitini na wawili, wanamlilia yeye mbele ya mlango uliofungwa kwa kamba, wanakohoa.

"Waambie," baba yake alisema. "Ukishindwa nitawaambia mimi, lakini nisingependa waisikie kwangu."

Alifunika sufuria mwenyewe, akarudi kukaa.

Siwatu aliwaambia. Hakuwa na maneno mazuri. Alianza katikati, akarudi mwanzo, akaeleza ndoo ya nane, maganda matupu, kifaranga, kaushio, machela. Sauti ilimkatika mara mbili na hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza, watu walikuwa wameacha kuvuta pumzi kwa nguvu. Kila mmoja alikuwa anavuta kidogo kidogo, kwa tahadhari, anasikiliza ndani.

Kisha yule mama wa wimbo akaanza kupiga kifua cha mtoto wake kwa kiganja, kwa haraka, kama anayezima moto kwenye nguo, na watu wakainuka wote kwa pamoja. Mtu alipindua meza. Mtu alimshika Siwatu kanga ya kichwani akaivuta ikachanika, akamtemea, akakumbuka kilichomo ndani ya mate yake, akajifunika mdomo na kulia. Daktari Shemweta alikuwa amekaa chini pembeni mwa turubai, mikono miwili kifuani, anarudia kitu kimoja: nilikwambia, nilikwambia.

Aliyewarudisha ni Mzee Hemedi. Hakupanda juu ya kiti wala hakupaza sauti. Alichukua ndala zake mkononi, akaanza kutembea peke yake kuelekea kiwanda cha chai, polepole kwenye tope, na watu wakamwona.

*

Arobaini na tisa walichagua kaushio. Kumi na watatu walichagua kulishwa, na kila mmoja aliandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi ukutani mwa zahanati, Daktari Shemweta wa kwanza. Hakuna aliyewacheka. Siwatu alichemsha ndoo zake nane zote, akamwaga makaa shimoni, akaanza upya na mfinyo wa mbegu ya Bi Chiku kwenye ndoo moja. Chupa za wali ulioota kuvu alizipanga kibandani, kumi na tatu, kila moja na jina.

Kundi la kwanza lilikuwa la watu kumi; wengine walivuta mvuke wa wali mara moja wakisubiri zamu. Siku ya kwanza waliimba humo ndani. Siku ya pili hawakuimba. Siwatu alikaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye mlango wa bati uliokuwa na joto la pasi, na alisikia yakilia mabakuli ya bati waliyokuwa wakikoholea humo ndani. Tik, tik, tik, wadudu wanagonga bati, wanaruka, wanatafuta unyevu. Kila saa ilipopita mlio ulipungua.

"Siwatu." Ilikuwa sauti ya baba, chini, karibu kabisa na mlango. Ilikuwa imekauka mpaka aliitambua kwa shida.

"Niko hapa."

"Bakuli langu limejaa. Weupe mtupu. Mama yako angelipenda."

"Usiongee, baba. Bado kesho moja."

"Naogopa," alisema. Halafu, baada ya muda mrefu: "Kibanda usikifunge. Umenisikia? Hata siku moja."

Kujibu kungekuwa kukubali kuna jambo la kufungia kibanda. Aliweka kiganja kwenye bati, akakiacha hapo mpaka kikaungua.

Asubuhi baada ya siku ya tatu walifungua. Tisa walitoka kwa miguu yao, midomo imepasuka, wanavuta hewa ya mvua kwa pua na kulia. Mzee Hemedi walimtoa kwa machela, shuka mpaka juu ya kichwa, bakuli lake limewekwa miguuni. Ndani ya bakuli hakuna kilichokuwa kinaruka.

Walimleta nyumbani. Wanawake walianza kilio barazani kabla machela haijafika. Bi Chiku, ambaye ndiye mkubwa wa wafugaji sasa, alikuja na kamba ya mkonge mkononi, imekunjwa vizuri, akasimama mbele ya kibanda cha makaa akimsubiri mwenye msiba atoe idhini. Ndiyo kazi yake.

Ilikuwa Ijumaa. Nje ya ua, kwenye mvua, wale kumi na watatu walikuwa wamekuja kuzika. Walisimama mbali kidogo na wenzao, na hawakuwa wanaitazama machela. Walikuwa wanaitazama ile kamba. Kifua cha Daktari Shemweta kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka.

Siwatu alibusu shuka palipo paji la uso. Akainuka, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta, akapita katikati ya wanawake, na kilio kikapungua kimoja kimoja walipoona anakokwenda.

"Mwanangu," Bi Chiku alisema kwa upole, akimzuia kwa mkono. "Baba yako hajaoshwa bado."

"Najua, shangazi. Nishikie hiyo kamba."

Alifungua mlango. Pepeo la mama yake lilimponyoka mara moja akaliokota. Aliinua mfuniko wa ndoo, akapepea mpaka hewa nzito ikatoka, akanyunyiza wali. Kisha akageukia chupa, akachukua ya kwanza, akasoma jina lililoandikwa juu yake kwa sauti ya kusikika mpaka nje ya ua.

Daktari Shemweta alisogea mbele, ameinamisha kichwa.